Arobaini Ipi?

Nina hasira za karibu. Kwetu walikuwa wakisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Mama alikuwa akicheka anaposema hivyo, nami nilidhani ni sifa. Leo nikisimulia jinsi nilivyokaribia kumuua mwuza oili wa Mabatini, hapa Mwanza, wengine hudhani nasimulia habari za gari. Gari lilikuwa chanzo tu.

Lilikuwa gari la Kijapani la milango minne, rangi ya majivu, ukilitazama ungedhani ni la mwalimu mkuu. Chini ya boneti nilikuwa nimefunga turbo, feni ya kuisukumia injini hewa, kubwa kuliko iliyokuja nayo, na kompyuta yake ilishachezewa mpaka injini ikawa na nguvu karibu mara mbili. Kazi yangu ni kushona, sare za shule na magauni ya harusi. Wateja walishangaa mwanamke anayewapima kiuno ana grisi kwenye kucha. Niliwajibu kwamba kila mtu na ulevi wake.

Gari la namna hiyo halinyweshwi chochote kilichopo. Turbo inazunguka kwa kasi ya kutisha ikiwa nyekundu kwa moto, na kinachozuia chuma kisile chuma ni utando mwembamba wa oili. Oili hiyo inatakiwa iwe nyepesi asubuhi, ifike juu haraka injini inapowashwa, na ikishachemka isilegee ikawa maji. Ndiyo maana galoni yake ina namba mbili, 5W-40: ya kwanza ni habari ya baridi, ya pili ni habari ya moto. Nilibishana na fundi wangu juu ya hili kwa miaka miwili. Yeye ni Msukuma wa Kisesa aliyejifunzia kazi kwenye matrekta ya pamba, na aliamini oili nzito ndiyo yenye nguvu, kama ugali. "Bebe, oili nyepesi ni ya kuchezea," alikuwa akisema, na bebe kwa Kisukuma ni wewe. Nilimshinda kwa kelele kuliko kwa hoja, akakubali yaishe.

Kosa letu lilikuwa kufupisha. Tulipoelewana, mimi na fundi tukawa tunaiita arobaini. Mjini kote arobaini ni oili nyingine kabisa: ile nzito ya namba moja tu, ya malori ya zamani na mashine za kusaga.

Mwuza oili alikuwa mzee wa zaidi ya miaka hamsini, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba, wa familia ya Kiislamu iliyofanya biashara mjini tangu enzi za babu yake. Nilikuwa mteja wake kwa miaka sita na sikuwahi kumpita bila shikamoo. Kila nilipohitaji oili nilikwenda mwenyewe na kuionyesha kwa kidole. Ijumaa ile sikwenda. Nilikuwa na gauni la harusi kwenye cherehani, bibi harusi amesimama mbele yangu analia kwa sababu ya mikono iliyombana, na simu nimeibana kwa bega.

"Shikamoo, mzee. Nipelekee galoni ya arobaini kwa fundi."

"Marahaba, binti yangu. Arobaini ipi?"

"Jamani mzee, kwani kuna arobaini ngapi? Arobaini ni arobaini!"

"Maana kuna ile ya..."

Nikakata simu.

Asubuhi ya Jumamosi nililichukua gari kwa fundi, oili mpya ikiwa imeshatiwa, nikaenda kulijaribu barabara ya Kisesa. Siku iliyofuata nilikuwa nashindana mbio za magari na wanaume watano ambao walishanicheka vya kutosha. Nilipowasha, sindano ya presha ya oili ilipanda kivivu. Niliiona. Nilijiambia ni baridi ya asubuhi, kana kwamba Mwanza kuna baridi.

Nilipoipita Kisesa nilikanyaga mafuta mpaka mwisho. Turbo ikapiga ukelele mmoja mrefu, moshi wa bluu ukafunika barabara yote nyuma yangu, kisha injini ikapasuka. Konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, ilikatika ikatoboa ubavu wa injini, na oili ya moto ikarukia kioo hadi sioni mbele. Nilipofungua boneti nilikuta tundu la kuingiza ngumi. Mafundi wana neno moja kwa hali hiyo: imenoki. Niliketi kando ya barabara nikalia kama mtu aliyefiwa, na kilio kilipoisha ikabaki hasira.

Galoni tupu ilikuwa kwenye buti. Niliona 40 kubwa, sikusoma zaidi. Akilini mwangu kulikuwa na neno moja, feki. Nilipanda bodaboda hadi Mabatini nikiwa nimeikumbatia galoni ile.

Nilimkuta amesimama mlangoni pa duka. Siku hiyo sikumwamkia. Nilimtupia galoni kifuani, nikamzaba kofi, miwani ikaruka. Aliponishika mkono kuzuia la pili, nikapiga kelele, "Mwizi! Mwizi huyu!"

Sauti ya mwanamke ikisema mwizi haiulizwi maswali. Kabla sijavuta pumzi walikuwa wameshafika wauza vipuri, mafundi, wapiga debe, na wapita njia waliokuwa na shughuli zao. Aliyetangulia alimpiga kichwa cha pua. Wa pili alikuwa na ubao. Na Mwanza, mji wa miamba, mtu hakosi jiwe. Walimburuta hadi kwenye mtaro, wakamkanyaga, na nilisikia taya likivunjika. Nitasema ukweli kwa kuwa sina wa kumficha: kwa muda ule wa mwanzo nilifurahi. Nilikuwa nikimpiga mateke miguuni, nikiililia injini yangu.

"Za mwizi arobaini!" mmoja akapaza sauti, wengine wakaitikia.

Mzee alikuwa akijaribu kusema kitu. Kila alipofungua mdomo ilitoka damu. "Arobaini," alisema. "Alisema arobaini."

"Anakiri!" wakacheka.

Kijana mmoja akatokea na tairi bovu, mwingine akaingia dukani akachomoa galoni rafuni, akaifungua, akaanza kummwagia kichwani. "Oili haishiki moto upesi," mtu akasema kwa utulivu, "leteni petroli." Mimi nilikuwa naitazama oili. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, nyepesi, ikiteremka usoni mwake kwa haraka na kuingia shingoni. Ile nzito ya malori ingejikokota. Niliijua kwa mwendo wake kabla sijaona galoni, nami nilipoiona ilikuwa imeandikwa 5W-40. Kumbe alikuwa nayo. Ilikuwa rafuni siku zote, na aliniuliza arobaini ipi, nikamkatia simu; akapeleka ile nzito, na fundi wangu akaitia bila kuuliza.

Nikasema si mwizi. Nikapiga kelele si mwizi, nimekosea, mwacheni. Hakuna aliyesikia. Mtu aliyeshaanza kupiga hataki kuambiwa kwamba amekosea. Nilijirusha juu yake, ubao ukanipata mgongoni, mwingine begani. Petroli ilikuwa imeshafika, nikaisikia harufu. Ndipo nikasema kitu ambacho sikukifikiria hata kidogo.

"Ni mume wangu! Mwacheni, ni mume wangu!"

Mikono ikasimama. Kwa nini sikusema baba yangu, sijui; pengine kwa sababu binti anayempiga baba yake angechomwa yeye. Aliyeshika petroli alinitazama, akamtazama mzee, akasonya. "Aaa, kumbe mambo ya ndoa!" Wengine wakacheka, kweli wakacheka, mikono ikiwa na damu. Wakaondoka mmoja mmoja wakiwatukana wanawake, na aliyeleta tairi akalirudisha alikolitoa.

Nilimpeleka hospitali kwa bajaji, kichwa chake mapajani mwangu, oili na damu vikililowesha gauni langu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikasikia mkewe yuko njiani, nikakimbia. Kosa hilo pia ni langu.

Aliishi. Jicho la kushoto halikurudi, na taya lilifungwa waya kwa wiki kadhaa, akawa hawezi kusema neno. Siku ya tisa nilijikaza nikaenda nyumbani kwake, Mirongo. Mlango ulifunguliwa na mama mnene, mwenye macho yaliyovimba, ambaye alikuwa ameshaelezwa sura yangu.

"Shikamoo, mama."

"Usiniamkie. Wake wenza hawaamkiani shikamoo."

Habari zilikuwa zimemfikia kutoka Mabatini nzima: mumewe ana mke mdogo, fundi cherehani, na huyo mke ndiye aliyemtoa jicho. Alimwuliza mwenyewe kitandani, naye akawa anatikisa kichwa kukataa. Mwanamume akikataa jambo hilo kwa kutikisa kichwa, nani atamwamini? Alikuwa ameishi naye miaka ishirini na nane, na sasa alikuwa akimlisha uji kwa mrija huku akimchukia.

Nilimwambia yote pale pale mlangoni, tangu simu mpaka petroli. Sikujipunguzia kitu.

"Kwa hiyo hakuoa," alisema.

"Hakuoa, mama."

"Na hakuiba."

"Hakuiba. Mimi ndiye niliyesema vibaya."

Nilitamani anipige, nikasogea karibu ili anifikie. "Afadhali ungekuwa mke mwenzangu," alisema hatimaye. "Mke mwenza ningemzoea." Kisha akaniambia la kufanya: niende Mabatini, nisimame mbele ya duka lile, niseme kwa sauti ile ile kwamba mume wake si mwizi na si mume wangu.

Nilikwenda kesho yake, saa nne asubuhi. Duka lilikuwa na kufuli. Nilisimama kwenye ukingo wa mtaro, nikajaza pumzi nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Si mwizi! Yule mzee si mwizi!"

Walikuja mbio. Wa kwanza kunifikia alikuwa na jiwe mkononi, anahema, anaangaza macho huku na huku. "Yuko wapi?" aliniuliza.

Nikamwambia hayupo. Nikamwambia mzee wa duka hili hakuiba kitu, mimi nilimsingizia, na wala hakuwahi kuwa mume wangu, namwamkia shikamoo. Nilirudia mara tatu, nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akaliweka jiwe chini, akanipigapiga bega. "Pole, dada," alisema. "Nyumba zote zina ugomvi. Shemeji anaendeleaje?"