Fungo Anayefunika Sufuria

Ninasafisha picha studio hapa Gisenyi, na aibu hii nimejitakia mwenyewe. Kila asubuhi tulikuta samaki wamepungua kwenye sufuria ya jikoni uani, na kifuniko kimerudi mahali pake.

"Ni fungo, yule mnyama wa porini kama paka," mke wangu akasema.

Fungo gani anafunika sufuria? Wivu ukanikaba. Nikajua mke wangu anamwachia samaki fundi cherehani, jirani yetu mwenye masharubu. Mama mkwe, aliyekuja kuona mtoto, hata sikumfikiria: kwetu mtu hali kwa mkwe wake, naye aliletewa chakula na dada yake.

Nikaazima kamera ya bosi, ile ya kunasia wanyama wa usiku: mnyama akivuta uzi, balbu inawaka na picha inajipiga. Uzi nikaufunga kwenye kifuniko. Usiku ule mwanga ukawaka.

Kesho yake nikamwita baba mkwe kwenye chumba cha giza, aone binti yake ananifanyia nini.

"Mwizi wangu huyu anatokea, mzee!"

Karatasi ikaelea kwenye dawa. Ukatokea mkono ndani ya sufuria, kisha mashavu yaliyojaa samaki, kisha macho.

Mzee akainama, akatazama sana.

"Huyu fungo namujua," akasema. "Ni miaka makumi tatu nalala naye."