Swali Kabla ya Kuwasha Taa

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa hata kichupa kimoja. Mkuu wa maabara, bwana mfupi tuliyemwita Shefu, alinisimamisha nje ya chumba cha kuoteshea vijidudu, akanionyesha swichi ukutani.

"We mupya, hii taa inaua mikrobe, na macho yako inaweza kuyachoma pia. Funga mulango, halafu uliza: kuna mutu ndani? Mutu akijibu, usiwashe."

"Na kama nimeona mwenyewe hakuna mutu?"

"Uliza tu."

Nilimwona msumbufu. Baadaye nilimpenda kama baba yangu mzazi.

Taa hiyo ilikuwa bomba la kioo kisicho na rangi, lenye mwanga wa samawati uliofifia. Hatari yake ni miali ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni. Ukikaa chini yake huhisi chochote, ila saa chache baadaye macho yanauma kama yamejaa mchanga na ngozi inababuka.

Nilipohamishiwa zahanati ya Gatumba nilikuta taa nyingine, ya kioo cha zambarau iliyokoza hadi kukaribia weusi. Kwa taa hiyo tulichunguza mashilingi, ule ugonjwa wa mabaka ya ngozi, kwenye vichwa vya watoto. "Hii ni mupole," mama mkuu wa zahanati aliniambia, "lakini mutoto asiikodolee macho." Nilirudi maabara ya mjini nikiwa nazijua zote mbili, nikafanya kazi hadi nilipostaafu.

Swali la Shefu lilinifuata nyumbani. Hata taa ya kawaida ya chumbani siwashi bila kuuliza. Marehemu mume wangu alikuwa akijibu kutoka kitandani, "Niko, usinichome!" na wajukuu waliolala kwetu wakicheka. Tangu atutoke nauliza tu, na kimya kile nimekizoea kwa shida.

Majuzi mjukuu wangu Keza, ambaye huniita Nyogokuru, yaani bibi, alifanyiwa sherehe ya kuzaliwa kwao Nyakabiga. Baba yake, Egide, mkwe ninayempenda mno, alifunga mapazia, akatundika bomba la taa sebuleni, na watoto wote wakavaa nguo nyeupe.

"Mama, utaona, watoto watawaka gizani na nguo zao! Washa we mwenyewe, we ndiye mukubwa wetu."

Niliinua mkono, na maneno yakaniponyoka. "Kuna mutu ndani?"

"Tukooo!" watoto wakajibu.

Mkono ukasita. Nikatazama juu: kioo hakikuwa na rangi. Ilikuwa taa ya aina ile ya Shefu.

"Egide, hii taa umeitoa wapi?"

"Kule Gatumba. Mucuruzi mumoja wa duka alinipa mbili, akasema zote ni za fête, za sherehe. Ile ya kioo cheusi nikaona haitatoa mwangaza."

"Ondoa hii. Inachoma macho."

"Mama, wageni wako hapa. Ni dakika kidogo tu."

Keza alianza kulengwalengwa na machozi, na mimi nilitamani kulia naye. Lakini niliegemea swichi kwa mgongo wangu, nikasema sibanduki. Egide alinitazama, akacheka kwa aibu, akaenda kuleta kigoda aiteremshe.

Tuliweka ile nyeusi juu kabisa, mbali na nyuso. Niliwaambia watoto wacheze wasiitazame, nikaacha balbu ndogo ikiwaka pembeni wasijikwae, na baada ya nyimbo chache nikaizima ile nyeusi. Ile ya hatari tuliifunga kwa matambara isipasuke, maana ndani mna zebaki, ili kesho yake niipeleke kwa vijana niliowafundisha maabara. Mashati yaliwaka kwelikweli, kwa sababu sabuni ya unga huacha kitu kinachong'aa chini ya taa hiyo. Meno nayo yaling'aa, ila yangu mawili ya bandia yalibaki giza, nikaonekana kibogoyo, na Keza alicheka hadi akakaa chini.

Jioni ile Keza alikuja kulala kwangu, akatangulia chumbani wakati mimi nafunga mlango wa nje. Vijana mnaonisoma, kazi uliyoipenda haistaafu pamoja nawe. Nilifika mlangoni mwa chumba, nikapapasa swichi, nikauliza kama kawaida.

"Kuna mutu ndani?"

Sauti ndogo ikatoka kitandani, kwenye upande wa babu yake.

"Niko, Nyogokuru, usinichome!"

Shefu alisema mtu akijibu, usiwashe. Sikuwasha. Nilisimama palepale gizani, machozi yakinitoka, nikicheka.