Kuku Aliyemponza Nyanya

Juzi, kwenye harusi ya binamu yangu mjini Kakamega, mpwa wangu aliniletea sahani ya wali kwa kuku, na juu yake ameniwekea firigisi, mimi mwanamke. Vijana wa siku hizi hawajali. Zamani kwetu firigisi, imondo tunavyoiita, ilikuwa ya mwanamume wa kuheshimiwa, na mwanamke kuigusa ilikuwa fedheha. Nilimrudishia, akadhani nashika mila. Mila gani, rafiki yangu? Nilikuwa nimemkumbuka bwana mmoja aliyekula firigisi nyumbani kwetu, na hasira yangu haijapoa hadi leo.

Tuliishi nyuma ya soko, mimi na nyanya, katika chumba kimoja cha udongo kati ya vyumba vinane vilivyotazamana. Asubuhi tuliamshwa na mashine ya kusaga mahindi, na ua wote ulinukia uji wa wimbi na moshi wa kuni mbichi. Mama yangu alikuwa amefariki, na baba alikwenda kukata miwa Butali akasahau njia ya kurudi. Nyanya alifua nguo za wanafunzi waliopanga kule Shirere, na mikono yake ilinuka sabuni ya kipande hata Jumapili kanisani. Jirani yetu, mjane wa rika lake aliyeuza dagaa wa omena, alikuwa kama ndugu. Chumvi yake ilikuwa yetu, makaa yetu yalikuwa yake, na nyanya akichelewa nilikula kwake bila kuuliza.

Nilipokuwa na miaka tisa, mgongo wa nyanya ulianza kukataa kuinama. Wakati huohuo mzee wa mtaa akapita akitangaza kwamba serikali itawapa wakongwe wasiojiweza pesa za kila mwezi, na kwamba bwana mmoja atakuja na fomu aone ni nani anayestahili. Nyanya alifurahi kama msichana. Alisema akizipata ataacha kufua, nami nitaacha kukosa shule kila Ijumaa kwenda kumchotea maji.

Sasa sikiliza tulivyojiandaa kuonyesha umaskini wetu. Nyanya alikanda udongo na samadi, akasiriba kuta na sakafu zikang'aa. Akaazima kitambaa cha meza na sahani za jirani. Kisha akaazima na kuku, tembe mnene wa kahawia. Jirani alicheka sana.

"Wewe mama, huyu mtu anakuja kuona shida, si kuona kuku."

"Mgeni hatokangi kwangu na tumbo tupu," nyanya akamjibu. "Shida yangu ataambiwa akishashiba."

Bwana wa fomu alifika adhuhuri, shati jeupe, viatu vya kung'aa. Nyanya hakumwacha afungue kalamu kabla ya kunawa. "Kula, mwanangu! Kwani kwenu mnakulanga kama ndege?" Alikula obusuma, ugali wetu, na mchuzi, akapewa firigisi kwa mikono miwili, akaitafuna akitabasamu. Mimi nilibaki na miguu. Aliuliza maswali mawili matatu, akaandika, akasema, "Asante sana, kukhu," akimwita nyanya kwa lugha yetu, akaenda zake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nyanya alisema, akaosha vyombo akiimba.

Kwenye baraza la chifu majina yakasomwa. La jirani lilikuwemo, la nyanya halikuwemo. Sababu nayo ilisomwa kwa sauti: nyumba nadhifu, vyombo vya kutosha, familia inakula nyama. Watu wakacheka. Chifu akauliza, "Kuna mtu ako na neno juu ya huyu mama?"

Nyanya akamtazama jirani. Neno moja lingetosha, kwamba yule kuku alikuwa wake na sahani pia ni zake. Lakini ilishanong'onwa kwamba nafasi ni chache, na anayeingia anamtoa aliyeingia. Jirani alijifunga leso upya, akatazama chini. Nilifungua mdomo niseme mimi, nyanya akanifinya paja. Yeye mwenyewe hangeweza kusimama mbele ya mtaa mzima akiri kwamba alimlisha mgeni kuku wa kuazima. Yule bwana nilimchukia, ndiyo, asante ya punda ni mateke. Ila yeye alikuwa mtu wa kupita tu. Aliyenivunja moyo ni jirani, kwa sababu nilimpenda.

Kwa miaka mitatu nyanya aliendelea kufua, akisimama kila baada ya shati moja kushika kiuno. Ijumaa zangu zote ziliishia kisimani. Salamu na jirani zilibaki, lakini chumvi haikuvuka ua tena.

Kisha fomu zikaja mara ya pili, zimeletwa na msichana mpole. Safari hii nyanya hakusiriba kitu. Alivaa gauni lililochanika kwapani, akaniambia nifiche sufuria ya obusuma na mrenda chini ya kitanda. Hakumpa mgeni kiti wala maji.

"Hatujakula tangu jana," akamwambia. "Hapa tunalalanga njaa tu."

Ulikuwa uongo wa kwanza niliowahi kumsikia akisema. Msichana aliandika huku akijifuta macho.

Pesa zilikuja, na ndizo zilizonifikisha chuo cha Sigalagala kusomea ufundi wa umeme, kwa hiyo sizidharau. Lakini nyanya hakumchinjia mgeni tena hadi alipofariki. Mtaa mzima ukawa vivyo hivyo, watoto wakafunzwa kutaja njaa kabla ya salamu. Tulikuwa maskini wakarimu, rafiki yangu, na ukarimu ndio ulioadhibiwa. Hilo sijalisamehe.

Siku ile, msichana alipoondoka, nilivuta sufuria kutoka chini ya kitanda. Nyanya alikwenda kwanza mlangoni, jua likiwa bado utosini, akafunga na kutia komeo. Halafu akaniambia, kwa sauti ya chini, nile haraka.