Mkanda Nilioukata Ungali Mzima

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya serikali pale Kibaha, sikupewa spana. Mkuu wa Karakana alinisimamisha mbele ya lori lililokuwa likinguruma, akaniambia nifumbe macho.

"Ndugu Zuhura, linasema nini?"

Nikajibu kwamba nasikia kelele tu.

"Basi utasimama hapo mpaka usikie."

Nilisimama hadi saa sita mchana. Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Mwanamke mwenye ovaroli alikuwa kioja, na mafundi wenzangu walingoja kwa hamu kuona nitachoka lini. Sikuchoka. Tangu utotoni nilikuwa mdadisi wa kuwachosha watu, na sasa nilikuwa nimepata kitu kisichokasirika kikiulizwa.

Mkuu alitufundisha kwamba kila ubovu una sauti yake. Ndani ya injini kuna krenki chini, inayozungushwa na pistoni, na kamshafti juu, inayofungua na kufunga valvu, yaani vilango vya kuingizia hewa na kutolea moshi. Viwili hivyo lazima viende pamoja, na katika magari tuliyoyajua viliunganishwa na mnyororo. Mnyororo ukilegea hulia, tena hulia kwa miezi, na fundi anapata muda wa kutafuta mwingine. Kwa hiyo amri ya Mkuu ilikuwa moja: gari lisilolalamika lisifunguliwe. Vipuri vilikuwa adimu, na stoo nayo ilikuwa na kanuni yake, kwamba hupewi kipya mpaka urudishe kibovu. Kanuni hiyo ilizuia wizi, na kwa miaka mingi sikuiona kasoro.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilihamishiwa Kisarawe kutunza gari la kliniki. Yaliletwa mawili ya aina moja, madogo, meupe, yakiwa yametumika tayari kwingine, na la pili lilibaki Kibaha kwa mwenzangu, Fundi Rajabu. Nilipofungua kifuniko cha mbele cha injini nilishangaa. Hapakuwa na mnyororo. Palikuwa na mkanda wa mpira wenye meno, mwembamba, kama wa cherehani kubwa. Nilikaa na kitabu cha gari na kamusi, nikakisoma neno baada ya neno. Kilisema mkanda huo, uitwao wa taimingi, haulii. Hufanya kazi kimya, na siku ukikatika kamshafti husimama, pistoni hupanda na kugonga valvu zilizobaki wazi, na injini imekwisha. Dawa yake ni kuubadilisha ungali mzima, kilometa zake zikitimia.

Za gari langu zilikuwa zimepita zamani. Masika nayo yalikuwa yanakaribia, wakati ambao Mkunga wa wilaya alilitumia gari hilo kuwafuata wajawazito wa kijiji cha Mzenga. Jingine halikuwapo. Nilimuuliza itakuwaje likizimika huko njiani.

"Mama mwenye uchungu hamsubiri fundi," alinijibu. "Nitazika, Zuhura."

Kesho yake niliuvua mkanda, nikadandia lori hadi Kibaha.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia Mtunza Stoo.

"Marahaba. Umeleta kibovu?"

Nikampa mkanda. Akaugeuza, akauvuta. "Huu mzima. Niletee uliokatika."

"Ukikatika, mzee, nitakuletea na injini." Nikaukunja kinyume ili aone nyufa kwenye mashina ya meno.

"Nyufa hata visigino vyangu vinazo, mbona natembea? Kanuni ni kanuni, binti."

Mezani palikuwa na kisu cha kukatia kamba za maboksi. Nilikichukua. Mkanda ulinishinda mara mbili. Mara ya tatu niliukanyaga upande mmoja, nikauvuta huku nikikata kwa nguvu zangu zote, ndipo ukaachia. Nikauweka mbele yake.

"Sasa umekatika."

Aliinuka, akaniletea mpya. Kisha akaketi kuandika ripoti.

Siku hiyohiyo niliitwa kwa Mkuu wa Karakana.

"Ndugu Zuhura, umeharibu mali ya umma."

"Ndugu Mkuu, nimeukata ili usije ukakatika."

Alivua miwani. "Na hilo niliandike vipi?"

Hakuliandika. Aliniandikia barua ya onyo, nami nikarudi Kisarawe, nikalinganisha alama za krenki na kamshafti, nikafunga mkanda mpya. Masika yote Mkunga alikwenda Mzenga na kurudi. Gari lilirudi na tope hadi madirishani, na kila nilipomuuliza limekwendaje alisema, "Limekwenda," akaenda kulala.

Masika hayohayo gari la Kibaha lilizimika karibu na Mlandizi likiwa tupu, Mungu alisaidia. Mkanda ulikuwa umekatika na valvu zote zimepinda. Fundi Rajabu alihangaika nalo miezi mitatu, akanyoosha hiki na kuchonga kile, mpaka likawaka. Mei Mosi iliyofuata akatangazwa mfanyakazi bora. Nilimpigia makofi, maana kazi aliifanya kweli. Lakini niliumia. Aliyefuata kanuni alipewa cheti, na mimi faili langu lilikuwa na barua.

Nimestaafu sasa, nakaa Maili Moja, na vijana wa gereji huja kuniuliza habari za magari ya zamani. Nawaambia wazisikilize injini, ila wajue zipo sehemu zisizosema. Swali langu mwenyewe sijapata wa kunijibu. Mkanda uliokuwa karibu kukatika, mbona ulinishinda mara mbili kwa kisu? Huenda ungemaliza masika yote. Huenda ungekatika siku ya pili. Njia ya kujua ilikuwa moja tu, kumwacha Mkunga aende nao Mzenga. Natamani kujua, siwezi kukataa. Lakini kule Mzenga wapo kina mama waliofikiwa kwa wakati masika yale, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba ndani ya lile gari kulikuwa na mkanda.