Anayekalia Majaketi

Mwenye boti anayetembeza familia hapa ufukweni huyakalia majaketi ya kujiokolea kama mto wa kiti. Ukimwomba moja, anacheka, anapigapiga maji kwa kiganja, kisha anasema, "Mama, leo ziwa limelala." Kwake limelala kila siku. Jumapili nilimwambia, "Mpe mwanangu jaketi, hajui kuogelea."

"Mmetoka Kisesa nini?" akanijibu. "Huko kusiko na ziwa mnaogopa hata maji ya ndoo!"

Abiria wakacheka. Tulipoyapita mawe ya karibu na ufuko, upepo ukavuma, boti ikalala ubavu. Vidole vya mwenye boti, vizito siku zote kutoa jaketi, vikafunga mikanda upesi ajabu, kifuani kwake mwenyewe. Nilimvua kwa nguvu, nikamvalisha mwanangu Annet.

"Mama, na mimi?" akauliza mwenye boti.

"Ziwa limelala," nikamjibu. "Kaa."