Oili Chafu Miguuni mwa Kabati

Harufu ya oili chafu ya gari hunipandisha hasira hadi leo. Wengine wakipita gereji huziba pua tu. Mimi nakumbuka mwiko. Sikilizeni niwaambie, halafu mseme kama nina makosa.

Nyumbani kwetu Ekalakala tulikuwa na kabati la mti wa mukau. Baba alilitengeneza kwa mikono yake kabla hajamwoa mama. Humo mama aliweka sukari, vikombe vya wageni na, baba alipofariki, shati lake moja la Jumapili. Ukilifungua lilinukia majani ya chai na sabuni. Kwetu mchwa ni wengi kuliko watu, kwa hivyo kila mguu ulisimama ndani ya mkebe wenye oili chafu. Kazi ya kuongeza oili ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka minane na nilijiona meneja wa mikebe minne.

Siku moja mama alikuwa ameenda soko la Kithyoko. Baba mdogo Nzioka, ndugu ya baba, akaja na mkokoteni wa punda na wanaume wawili.

"Mbithe, tunapeleka kabati kwa fundi lipakwe vanishi," akasema kwa sauti laini. "Mama yako anajua."

Mjinga mimi! Nilifurahi. Nilitoa vikombe na shati nikavipanga mkekani, na walipolinyanyua nikaivuta mikebe, na oili yote ikamwagika sakafuni. Niliwasindikiza mpaka barabarani nikipunga mkono.

Mama aliporudi alisimama mlangoni akatazama ukuta mtupu. Hakuuliza kabati liko wapi. Aliona doa la oili, akachukua mwiko akanichapa.

"Oili yote umemwaga! Oili yote!"

"Ni baba mdogo amesema..."

"Nyamaza!"

Wiki zikapita, vanishi hakuna, kabati hakuna. Mama hakwenda kulidai hata siku moja. Nilimkasirikia kwa miaka na miaka. Mtu anaibiwa mchana kweupe, anachapa mtoto kwa sababu ya oili ya bure!

Mwezi uliopita nilienda kwa Nzioka kumpelekea mwaliko wa harusi ya binti yangu. Kwenye banda la kuku nikaona kabati la buluu, kuku wametagia ndani. Umbo lake nililijua; nikapiga magoti nikakwaruza rangi ya miguuni kwa ukucha. Miguu yote minne ilikuwa na mstari mweusi, kimo cha mkebe.

"Hilo ni langu tangu ujana," Nzioka akasema kutoka kitini.

"Lako? Na oili hii pia ni yako? Mimi ndiye niliyeimwaga!"

Aliinama akachezea mkongojo wake. "Lichukue basi. Limezeeka."

Limezeeka! Kana kwamba ananipa zawadi! Nililibeba siku hiyo hiyo, mavi ya kuku na yote.

Nilimaliza wiki mbili nikiparua ile buluu kwa kipande cha glasi na msasa, nikimtukana Nzioka kimoyomoyo kwa kila mkwaruzo. Fundi alinibadilishia rafu moja iliyooza. Alipotaka kuuondoa ule mstari mweusi nilimfokea hadi akaangusha randa. Mti ulipotokea, mwekundu kama zamani, nililia kwa hasira, si kwa furaha.

Nilipolifikisha kwa mama, alilipapasa mlango kwa muda mrefu. Kisha akainama polepole akatazama chini.

"Mikebe iko wapi?"

Nikaenda gereji nikarudi na oili. Nikiimimina mikebeni, nyingine ikamwagika sakafuni. Tukalitazama lile doa sote wawili.

"Mwaga tu," mama akasema. "Siku ile sikuwa nakuchapa wewe, mwanangu. Nilikuwa namchapa Nzioka."

"Mbona hukumwendea mwenyewe?"

"Nimwendee? Shamba lilikuwa la baba yao, yeye na baba yako, na baba yako alikuwa ameshakufa. Ningepaza sauti angetufukuza. Ningekulisha nini?"

Miaka yote hiyo nilidhani mama ni mwoga, kumbe alikuwa amemeza donge lile ili mimi nile. Nilimshika mkono, na yeye akaniambia niangalie mkebe wa nyuma, haujajaa.

Lakini msidhani hasira imeisha. Imehama tu, imempata mwenyewe. Siku ile pale bandani nilisahau kilichonipeleka. Mwaliko wa Nzioka bado niko nao, umo ndani ya kabati la baba, chini ya shati lake. Sitaupeleka.