Mikanda Iliyogeuzwa Kule Maji ya Chai

Enzi zetu sisi, filamu haikuwa kitu cha kuangalia umelala kitandani, waya masikioni, kila mtu na simu yake. Filamu ilikuwa safari. Unaoga, unapaka mafuta mpaka magotini, unavaa sweta kwa sababu ya baridi ya mlimani, na kabla ya yote hayo lazima utimize agizo la mama: "Majani ya ng'ombe kwanza, video baadaye." Hakuna aliyebisha. Siku hizi mwambie kijana akakate majani uone atakavyokutazama.

Biashara ilikuwa imefunguliwa. Ilikuwa ruksa kila kona, na wafanyabiashara walirudi kutoka mpakani Namanga na redio, mitumba na deki za video. Pale kwetu Maji ya Chai, Baba Doreen aligeuza ghala lake la mahindi kuwa ukumbi: mabenchi, jenereta nje, runinga moja juu ya meza. Mwaka ule mmoja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, zilishuka filamu ambazo watu wa rika langu hawajazisahau: za karate, za komandoo asiyeishiwa risasi, za Kihindi za kulia mpaka kamasi. Kila Jumapili baada ya ibada tulijaa humo, tukinukia karanga na vumbi la pumba.

Dada yangu Elinami ndiye aliyekuwa na kichwa cha filamu. Jumatatu, tukikata majani, aliwasimulia yote wale waliobaki nyumbani, hadi milio ya viatu. Kina mama waliweka miundu chini wakamsikiliza. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake, na hakuwa na nyingine.

Jumapili moja ikaja filamu ya Kihindi yenye mikanda miwili. Ule uliowekwa kwanza ulianza wahusika tayari wanalia, na ukaisha shujaa amekufa, amechomwa, mama yake amezimia. Ulipowekwa wa pili, yakatokea majina ya waigizaji, kisha shujaa yuleyule yuko juu ya baiskeli anaimba. Ukumbi mzima ukatoa jibu: "Ni pacha wake!" Filamu za Kihindi hazikosi mapacha, basi watu wakatulia. Elinami akasimama kwa adabu zote.

"Shikamoo, Baba Doreen. Naona mikanda imegeuzwa. Huu ndio wa kwanza."

"We binti, unanifundisha kazi? Deki ni yako? Toka, na nisikuone tena humu!"

Watu wazima, wazee wa usharika wakiwemo, wakacheka. Nakasirika mpaka leo ninapoandika. Maana Jumapili iliyofuata mtu yule aliirudia filamu ileile, akaanza na mkanda wenye majina, kimyakimya, bila kusema samahani, na wote wakaona kwamba hapakuwa na pacha yeyote. Elinami alikuwa mlangoni. Baba Doreen akamzuia. Na hakutokea hata mmoja wa kusema, jamani, mwache binti aingie. Muda wote uliobaki wa mwaka ule wa filamu zilizotikisa, aliyezipenda kuliko sisi sote alikaa nje ya mabati akisikiliza jenereta. Mwisho wa mwaka akaenda chuo cha ualimu, na kina mama wakawa wanakata majani bila hadithi.

Juzi nilimtembelea kwake Engutoto. Mwanawe amemwekea runinga pana ukutani. Nikaitaja filamu ile, na kijana, bila hata kuinuka kwenye kochi, akaitafuta kwenye simu, ikapatikana papo hapo, akaiweka. Kufika wimbo wa kwanza, akauruka! Nikamfokea, naye akanishangaa kama mtu aliyeamka vibaya. Elinami akacheka, akamwambia aizime tu.

"Kwani hutaki kuiona?" nikamuuliza.

"Niione na nani?" akasema. "Mimi nilitaka kulia pamoja na wale watu."

Wale watu, wengi wao tumeshawazika.